Dirisha Lililozibwa

Timazi yangu haisemi uongo:
nyumba hii imeinama kaskazini
upana wa vidole viwili,
kama mtu anayetega sikio mlangoni.

Juu ya mlango, 1671, na herufi mbili, T.A.
Ile saba imechongwa kinyume.
Mwashi hakujua kusoma; jiwe alilijua.
Kila moja kalilaza kama lilivyolala machimboni,
ndiyo maana mvua ya Yorkshire imegonga, imegonga,
ikachoka.

Paa nalo ni mawe. Mapana chini, penye michirizi,
yakipanda yanapungua, hata kileleni
jiwe ni kiganja cha mtoto.

Bi Dorcas Alderson alinionyesha dirisha
lililozibwa enzi za kodi ya madirisha,
serikali ilipohesabu nuru kama kondoo.
"Nifungulie," alisema. "Bibi wa bibi yangu
alifuma soksi humu kwa kupapasa."

Nikakwangua chokaa. Jiwe la tatu likatoka,
na nyuma yake kioo, kizima,
kimeviringishwa sufu kama kichanga.
Kuna mtu aliyejua: sheria nayo huzeeka.
Ila alikufa bila kumwambia yeyote.

Bi Dorcas akakifuta kwa kiwiko,
akakiinua usoni. Kioo cha kale, chenye mawimbi:
ng'ambo yake kondoo mmoja
ana vichwa vitatu, na kilima kinatetemeka.

"Kirudishe hivyo hivyo," akasema,
"na makosa yake."

Nikaanza kuchanganya chokaa.