Kanga ya Binti Mfalme

Juu ya duka la mazulia, hapa Paisley,
Senga anatugawia vipande vya linoleamu
rangi ya chai iliyopoa, na patasi ndogo ndogo.
"Chongeni chochote cha tanzia ile," anasema.
Tuliitazama Ijumaa ukumbini, makoti mwilini,
maana mtambo wa joto ulikufa kabla ya binti.

Wenzangu wanachonga taji, jambia, fuvu.
Mimi nachonga kanga.

Pindo kwanza. Pindoni natia korosho,
ua ambalo mji huu umelipa jina lake,
ukalifuma kwenye shali miaka na miaka
hadi ukasahau kwamba lilikuja na meli.
Sibishani. Korosho ni korosho.

Katikati, pale tunapopaita mji,
mlango wa chuma, na mfalme nje yake:
amefika, ndiyo, pumzi juu, ufunguo mkononi,
na kimya kimemtangulia.

Limebaki jina. Kanga bila jina ni shuka.
Naandika nyuma ya risiti ya maziwa, nafuta,
naandika tena: MAJUTO NI MJUKUU.
Senga anauliza maana. Namweleza:
majuto hayaji na mwana, huja baadaye.
Ananyamaza, kisha anasema taratibu,
"Basi ndiye mjukuu pekee atakayempata."

Patasi ikateleza. Damu kidogo, si kitu.

Baba yangu alininunia miaka kumi na mmoja
kwa sababu ya mume ambaye hata mimi
nimekwisha kuachana naye.
Alipopiga simu nilikuwa kazini,
mikono ndani ya glavu, nageuza mgonjwa.
Nilipompigia, alipokea binamu.

Nikapaka wino kwa rola, nikalaza karatasi,
nikasugua kwa mgongo wa kijiko.
Nikabandua.

UUKUJM IN OTUJAM

Nilisahau kuchonga kinyume.
Wiki tatu za Jumanne, na nilisahau kinyume!
Senga, mwenye huruma, akanyoosha kipande kipya.
Nikamwambia acha.

Imetundikwa bafuni, ukutani, mkabala wa kioo.
Ukiingia huelewi kitu: mlango, mzee, korosho,
na herufi kama za lugha ya watu wasiokuwepo.
Asubuhi nikiinama kupiga mswaki, povu mdomoni,
nainua uso,
na pale nyuma ya bega langu
inasomeka.