Kijiko Kingi

Bangor, Wales. Mvua ya Februari
haina kichwa wala mkia, inanyesha tu.
Chumba cha tatu, nyuma ya maabara ya chuo,
Tegwen Prydderch, miaka sabini na mmoja,
amevishwa kofia ya nyaya sitini na nne
kama nungunungu aliyekwenda kwa msusi.

Miaka thelathini alichambua sufu kwenye ghala la Dolgellau:
sufu ya shingo, sufu ya mgongo,
sufu ya tumbo yenye mavi makavu.
Vidole vyake vilijua daraja kabla ya macho.
Kisha, Oktoba, mshipa ukapasuka kichwani,
mmoja.
Huo ulihesabika.

Ilar, kijana mwenye chai iliyopoa, anabonyeza kitufe.
Picha ya maziwa. Tegwen anasema: maziwa.
Mchanga. Anasema: mchanga, bila kusita.
Kijiko.
Anakitazama kijiko kama mdeni wake wa zamani.
"Kijiko kingi," anasema hatimaye.
"Mezani pana kijiko kingi."

Wimbi limepanda kwenye skrini.
Chini ya nusu sekunde, ulimi haujapata habari,
akili imeshauliza: hiki kina ukingo?
Nikikikata, vipande vitabaki na jina lake?
Kata mkate, umebaki na mkate.
Kata kiti, umepata kuni.
Nani aliyetufundisha mtihani huu,
tungali tukitambaa, tukitia kila kitu mdomoni?

Nami nisimcheke, mimi ninayeandika.
Nasema maji haya, maji mengi, maji yamemwagika,
nayapatanisha kama umati uliokuja harusini,
wala sijawahi kunywa ji moja.
Maziwa, nikiyatafutia umoja,
naangukia titi, au ziwa lenye viboko.
Sarufi inaapa kuwa ni mengi;
kiganja kinaapa kuwa hakuna cha kushika.

Na kwao Tegwen manyoya hutangulia:
*plu*, yote kwa pamoja, ndege mzima.
Anayetaka unyoya mmoja
huufungia neno mkia: *pluen*.
Sisi twatia u mbele, wao watia en nyuma,
kila mmoja akichomoa kimoja kutoka katika rundo
kwa upande wa mkono wake.

Picha ya themanini na tisa. Kondoo, malishoni, peke yake.
"Kondoo mwingi."
"Mmoja?" anauliza Ilar, ingawa hairuhusiwi.
Tegwen anakunja uso. Anajua amekosea,
anajua hata kosa liko wapi,
kama ujuavyo jiwe ndani ya kiatu, na kiatu hakivuki.
Anaacha skrini, anatazama koti la mvua kwenye msumari,
la kiume, mikono imekunjwa mara mbili ili limtoshe.

"Idwal," anasema.
Ilar anapekua orodha. Hakuna picha ya Idwal.
Binti yake, Lleucu, mlangoni, anatikisa kichwa:
baba, mwaka juzi, majivu yake tuliyamwaga mlimani
na upepo ukaturudishia mengine nywelezi.

"Nyumbani," anasema Tegwen, polepole,
akilipima kila neno kama fungu la sufu,
"nyumbani bado kuna Idwal mwingi.
Jikoni. Kwenye droo.
Asubuhi, Idwal kidogo.
Usiku…" Mkono wake unafunguka,
unaonyesha kiasi ambacho hakienei mkononi.

Wimbi halikupanda. Ilar aliliangalia mara mbili:
laini kabisa, kama la mtu aliyesema maji.
Kwenye karatasi kulikuwa na safu mbili, sahihi na kosa,
na kanuni ni kanuni, jina la mtu halina kiasi.
Aliandika kosa. Kwa penseli, akibonyeza kidogo sana.

Kisha akashuka kantini kutafuta chai ya moto,
na mama wa kaunta, kijiko kikiwa hewani,
akamuuliza: "Sukari ngapi?"

Ilar akasimama na kikombe chake,
akashindwa kuhesabu.