Jina Jeupe

Stakabadhi ilirudi Hombolo imekunjwa mara nne,
na ndani ya mkunjo, punje za mchanga.
Kilo mia tatu kumi na mbili, zabibu nyekundu.
Tarehe ipo, muhuri upo, sahihi ya karani ipo.
Jina la mkulima hakuna.

Benki ya mjini imemwambia Sechelela
karatasi isiyo na mwenyewe haina pesa.
Hakunigombeza. Aliilaza mezani,
akainyoosha kwa kiganja,
akauliza, "Mimi ni yupi hapa?"

Nikafungua ukurasa. Kwenye kioo yumo:
herufi nyeupe juu ya bango la zambarau,
rangi niliyoichagua mwenyewe mwaka jana,
nikajisifu nimeichuma kwenye kichala.
Nikachapa. Printa ikakohoa vumbi la Agosti,
jina likatoka, limenona.

Kwangu linatoka. Kwa Ndahani, mhasibu,
chumba cha pili, halitoki.
Printa ileile, waya uleule, ukurasa uleule.
Hapo nikavua viatu.

Kivinjari cha mbweha kinabana mstari wa mwisho,
jumla inaanguka ukurasa wa pili, peke yake,
kama abiria aliyeshushwa Ihumwa usiku.
Kile cha duara la rangi kinachapa hata menyu,
hata kitufe cha "Chapisha"
(nani atakibofya, kikiwa karatasi?).
Na kwenye kompyuta ya bwana wa mradi
kuna kinachoitwa Safari. Jina ni letu,
njia hakijui: pambizo nilizokipa kinazipuuza,
kinang'ata tarakimu ya kwanza,
mia tatu kumi na mbili
ikabaki kumi na mbili.

Badili, chapa. Badili, chapa.
Sentimita mbili. Moja na nusu.
Nikagundua printa yenyewe inaamini
inaishi nchi ya watu wa karatasi fupi;
nikairudisha Dodoma.
Karatasi ishirini. Ishirini na saba.

Saa nane umeme ukakatika. Tukakaa.
Sechelela akafungua kikopo cha siagi,
ndani zabibu kavu, akanimiminia mkononi.
Akasema zamani mnunuzi alikuja na jiwe lake la mizani,
na jiwe lile lilinenepa kila msimu.
"Kuibiwa kilo nakujua," akasema.
"Hili la kuibiwa jina ndiyo kwanza."

Umeme uliporudi nilihamia kiti cha Ndahani.
Chini kabisa ya dirisha la kuchapa, kisanduku:
rangi za nyuma. Hakina tiki.
Kinabana wino, kama Ndahani anavyobana chai.
Kimeliondoa bango langu, zambarau yote,
jina kikaliacha lilivyo.
Vivinjari vingine vina huruma,
vikivua rangi ya nyuma huyatia giza maandishi.
Hiki cha kale hakijafundishwa.
Na ndani ya printa hakuna wino mweupe:
jeupe maana yake ni pita, usiguse.

Siku zote, basi, jina lake
lilisimama kwa mgongo wa rangi yangu.

Nikaandika kanuni za karatasi, za karatasi tu:
menyu isionekane, bango life,
safu isikatwe kiunoni,
jumla isilale mbali na wenzake,
jina liwe jeusi. Jeusi kabisa.

Ya ishirini na nane, kwangu: sawa.
Ya ishirini na tisa, kwa mbweha: sawa.
Ya thelathini, kwa Ndahani. Tulisubiri wote watatu,
Ndahani amesimama na kikombe.
Ikatoka, ya moto, jina juu kabisa.
(Safari bado inang'ata. Nitaanza nayo Jumatatu.)

Sechelela akaipeleka dirishani,
akapitisha kidole polepole, herufi kwa herufi,
akarudi nyuma herufi mbili.

"Ukoo wetu ni Chilewa," akasema.
"Hapa mmeandika Chirewa."

Nikaweka karatasi ya thelathini na moja.