Kikombe Kilichong'oka Mkono

Somoe aliondoka Jumatano na basi la alfajiri,
mama yake kaanguka bafuni huko Masasi.
Mlangoni, mguu mmoja tayari uko nje,
akanihesabia kwa vidole:
sembe, mchele, maharage,
mafuta, chumvi, vitunguu, kiberiti.
"Hivyo visikose. Vingine mbwembwe."
Nikaitikia kama mtu anayeambiwa kuna mawingu.

Mimi ni fundi wa Keko.
Mninga naupima kwa futi, naukata kwa jicho.
Nimetengeneza makabati ya jikoni za Masaki,
droo zinazojifunga zenyewe, taratibu, bila kelele,
na jikoni kwangu sikujua chumvi inakaa wapi.

Inakaa kwenye kopo la maziwa ya mtoto,
la Mwanaidi, ambaye sasa yuko darasa la tano.
Majani ya chai yamo kwenye kopo la kahawa.
Kwenye kopo la majani ya chai
mna vifungo, sindano, na risiti ya luku.
Bizari niliipata kwa kupiga chafya.

Nikaenda kwa Shirima, nikaagiza mafuta, lita nzima.
Akanitazama.
"Mama Mwanaidi huchukua ya kupima,
robo, na chupa huja nayo."
Kisha akalivuta daftari kutoka chini ya mizani,
akalifungua ukurasa, na ukurasa, na ukurasa.
Sikujua kama humo nina jina.

Mchele unakaa kwenye ndoo ya rangi
niliyoileta mwenyewe kutoka kazini.
Juu yake pilipili kavu tatu, za kufukuzia wadudu,
na kikombe cha bati kilichong'oka mkono.
Viwili na nusu kila usiku, alisema, upepete kwanza.
Nikapepeta: chuya zikabaki, mchele ukaruka,
kuku wa jirani wakala sikukuu.

Usiku wa kwanza sufuria ilitoka safi kama imeoshwa.
Salmini akaukwangua ukoko, akaomba tena.
Nikasema baba kakosea kipimo.

Usiku wa pili nikakisawazisha kikombe kwa rula,
kama ninavyosawazisha uso wa meza.
Viwili na nusu. Walaji watatu.
Sufuria safi.

Usiku wa tatu, watoto wamelala,
nikaitoa penseli sikioni
nikaandika nyuma ya boksi la kiberiti.
Viwili na nusu kwa watatu: hakibaki kitu.
Viwili na nusu kwa wanne:

nikaishia hapo.

"Mie nimeshaonja-onja humo jikoni, nimeshiba,"
ndivyo alivyokuwa akisema,
ukoko umelowa ndani ya chai ya rangi,
mgongo wake kwetu, akipanga makopo.
Na mimi, mpima mbao,
nilimsifu mbele za watu kwamba hanenepi.

Jana kapiga simu.
"Chumvi ipo?"
Ipo.
"Maharage umeloweka?"
Nimeloweka.
"Mama anaendelea vizuri, juzi kauliza pilau."
Koo likanikauka kama nimemeza vumbi la msasa.
Somoe, huko unakula?
Akanyamaza kidogo. Nikasikia jogoo wa Masasi.
"Mbona unaniuliza hivyo?"

Leo nimelipa ukurasa mmoja kwa Shirima.
Bado miwili, na wa tatu nusu.
Jioni nimepima vikombe vitatu,
cha tatu kimejaa hadi kumwagika,
nimepakua sahani nne, ya nne nikaifunika kawa.
Mwanaidi akauliza, "Hiyo ya nani?"
Nikamwambia kula.

Chumvi niliizidisha.
Hakuna aliyesema kitu.