Kumi na Moja Nukta Nane

Taa ya betri iliwaka nikitoka Kisasa,
ikazima, ikawaka tena,
kama mwanafunzi anayenyoosha kidole bila kuwa na jibu.
Niliipuuza hadi Ipagala.
Pale redio ikakatika katikati ya neno
na taa za mbele zikageuka rangi ya chai ya maziwa.

Asubuhi nimeazima mita kwa jirani.
Injini inaunguruma, waya mwekundu huku, mweusi kule.
Kumi na moja nukta nane.
Ilipaswa kusoma kumi na nne.
Miaka thelathini na moja nimefundisha hesabu
sijawahi kuona tofauti ndogo hivyo
ikimzuia mtu kwenda Mvumi kumwona dada yake.

Sasa nimesimama, boneti imeachama,
upepo wa Julai unanimwagia vumbi la Nkuhungu shingoni,
nami nakokotoa.

Alteneta ya mtumba, laki na arobaini.
Mpya, usiulize.
Ufundi, elfu hamsini, na soda ya kijana.
Nikifanya mwenyewe: boliti tatu, mkanda mmoja, soketi ya waya,
spana kumi na mbili, spana kumi na nne,
na kiuno cha miaka sitini na mbili
ambacho hakijaulizwa.

"Mama, si umwite fundi," anasema muuza maji, anapita.
Fundi wa karibu ni Chedego.
Hapo ndipo hesabu inapokataa kugawanyika.

Chedego alikaa dawati la nyuma, kwenye dirisha lisilo na kioo.
Siku moja, sehemu na desimali ubaoni,
nilimwambia mbele ya wenzake:
kichwa hicho ni kibuyu kilichotoboka.
Darasa likacheka.
Mimi pia nilicheka, ndiyo.
Leo uani kwake kuna magari kumi na moja
na mwaka wa sita huu nazungukia barabara ya nyuma
nisipite mbele ya lango lake.

Kwa hiyo usidhani ni elfu hamsini ninazookoa.

Nikafungua hasi ya betri kwanza.
Mkanda ukalegea. Boliti ya kwanza ikatii,
ya pili ikaondoka na ngozi ya kidole cha kati,
ya tatu ilikuwa chini kabisa, mahali ambapo Mjapani
alidhani sote tuna mikono ya mtoto.
Niliipata kwa kupapasa, macho nimefumba,
nikihesabu nyuzi zake zinavyoachia:
saba, nane, nane na nusu.

Saa tano ikatoka.
Nzito, ina mafuta, ina vuguvugu.
Nikailaza ndani ya kikapu cha sokoni, juu ya gazeti,
nikaitazama, nayo ikanitazama.
Kufungua si kutengeneza.
Nusu ya njia haina maksi: hilo nimeliandika mwenyewe
kwa wino mwekundu, kwenye madaftari yasiyo na idadi.

Nikashika barabara ya mbele.

Chedego hakuuliza habari za siku nyingi.
Alijifuta mikono, akaizungusha puli taratibu,
akaiweka sikioni kama mtu anayepima yai.
"Kaboni zimekwisha, Mwalimu. Elfu kumi na mbili.
Yenyewe nzima, usinunue."
Kisha: "Nani kaifungua?"
"Mimi."
"Ulianza na hasi?"
"Hasi."
Akachukua chaki, ile wanayowekea alama matairi,
akachora vema juu ya chuma.

Nilikuwa na neno moja nililolibeba tangu nyumbani,
chini ya gazeti, chini ya alteneta.
Nikafungua kinywa. Kijana wake akawasha grenda.
Nikalisema hivyo hivyo, ndani ya kelele na cheche.

Sijui kama alilisikia.
Alinisogezea ndoo, akaigeuza kitako juu, niketi.