Maoni Ambayo Hakuna Aliyeniomba

Kompyuta nzuri, nasema mimi,
ni ile inayofunguka kwa bisibisi moja na subira.
Hizi mpya zimebanwa kwa gundi kila upande
kana kwamba ndani mna siri ya ndoa.

Yangu ilifika Arua ndani ya robota la mitumba,
kibandiko cha shule ya ng'ambo kingali ubavuni.
Herufi R imefutika,
lakini kidole changu kinajua ilipo
kama ulimi unavyojua pengo la jino.
Betri inakaa dakika kumi na moja.
Umeme umekatika sasa hivi,
kwa hiyo nitasema haraka.

Dada yangu Candiru ana simu ya macho matatu
isiyo na nafasi ya picha hata moja:
imejaa mawaridi yanayometameta,
"asubuhi njema" mia nne kutoka kwa shangazi wa Koboko.
Nikimwambia afute, ananiuliza,
"Sasa nifute asubuhi ipi?"
Sijapata jibu.

Halafu wingu.
Watu husema, "Faili zangu ziko winguni,"
kwa sauti ile ya kutaja marehemu.
Wingu ninalolijua mimi hukaa juu ya Mlima Wati mwezi wa nane,
na likikohoa tu, mnara wa simu unazirai.
Nakala zangu naziweka kwenye diski,
diski naziweka kwenye debe la biskuti.
Nicheke ukitaka.
Debe halijawahi kuniomba nenosiri.

Na hili la "Nakubali".
Mahari ya Candiru tuliijadili siku mbili,
ng'ombe kwa ng'ombe, mbuzi kwa mbuzi,
mjomba akarudisha fahali mmoja kwa sababu ya jicho.
Lakini kurasa arobaini za masharti
tunazipitisha kwa kidole gumba
huku tunatafuna muhogo.

Mwaka ule wa kodi ya shilingi mia mbili kwa siku
mama alijua njia ya panya kabla yangu.
"Leo niko Uholanzi," alisema,
akipepeta ufuta uani kwetu Oli,
"na kesho nitaamkia Japani."
Hana pasipoti mpaka leo.

Napenda mtandao, msinielewe vibaya.
Nilikutana nao ukilia kama kuku aliyekanyagwa,
na bado niliketi.
Kuna mtu wa nchi nisiyoweza kuitamka
aliyekesha nami usiku mzima
kunielekeza jinsi ya kufufua ubao mama.
Hakutaka senti. Alfajiri akaandika "karibu" kwa lugha yake,
akapotea.

Ila juzi alikuja Bwana Ezaruku,
aliyekuwa karani wa tumbaku,
amefungiwa nje ya barua pepe yake mwenyewe.
Tulijaribu mwaka wa kuzaliwa, jina la kijiji,
tukajaribu timu ya mpira.
Kisha akasema, polepole, "Andika Ayikoru."
Ikafunguka.
Nenosiri bovu kabisa; mtu mwingine ningemkaripia:
jina tupu, bila tarakimu, bila alama.
Yeye alikuwa akikitazama kishale kinavyopepesa,
nami nikainama chini ya meza
kutafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwangu.

Sikumshauri abadilishe.

Zimebaki dakika mbili.
Nilitaka kuwasema pia wanaoandika kwa herufi kubwa tupu,
na kueleza kwa nini kibodi ya kioo ni dhambi,
na kwamba programu ikishafanya kazi, iacheni,
isisasishwe kila Jumanne kwa bando langu,
na tena
ngoja, taa nyekundu.
Nihifadhi kwanza.