Chumvi Nyingi

Nyumba ya thelathini na moja. Tope hadi kifundoni.
Nimevua viatu, nimekumbatia kipimo cha presha
kama mtu aliyeachiwa mtoto wa mwenzake.
Kijiji kimejibana ndani ya tuta. Nje ya tuta, mto.
Na bahari, ambayo huku haionekani,
inaingia chini kwa chini, kisimani.

Moyna Sardar, miaka kumi na tisa, mimba ya miezi saba.
Ananitandikia mkeka, ananikaribisha maji.
Nakunywa. Yana ladha ya machozi yaliyopoa,
na sijui niandike wapi:
fomu inauliza chanzo cha maji,
haiulizi ulimi.

Mkono wake mwembamba. Mkanda unamzunguka
na kubaki. Unavimba, unabana, unashusha pumzi.
Mia hamsini na mbili kwa mia moja.
Narudia. Mia hamsini na nne.
Nabonyeza kidole muundini pake,
kishimo kinabaki pale, hakina haraka ya kujaa.

Aliyekula chumvi nyingi ndiye mkubwa, husemwa.
Basi huyu ni bibi yangu,
huyu niliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka kumi na mmoja.

Swali la kumi na saba:
*Katika siku saba zilizopita, umelia mara ngapi?*
Visanduku vinne. Kamwe, mara chache, mara nyingi, kila siku.
Anamtazama kuku. Anafikiri.
"Mvua ikinyesha silii. Natega mitungi,
nani ana wasaa? Ni jua likikaza, wiki ya pili, ya tatu,
na mume wangu yuko kwenye tanuri za matofali,
anapiga simu Ijumaa, anauliza mtoto anacheza?
Andika hivi: kulingana na mawingu."

Hakuna kisanduku cha mawingu.

Jikoni moshi unakohoa, kumbe ni mtu.
Kohinur, mama mkwe, anatoka akifuta mikono.
"Na mimi, binti wa karatasi? Nipime."
"Mama, utafiti ni wa wajawazito."
"Nimebeba saba. Wawili nimewalaza pale kwenye mgomba.
Haitoshi kuingia kwenye karatasi yako?"

Nikampima.
Mia tisini na sita kwa mia na kumi na mbili.
Kichwa kinamgonga, anasema, tangu mafuriko.
Yapi? "Yale yaliyomchukua ng'ombe."
Anacheka, jino moja la pembeni,
anakunywa kutoka kikombe kile kile nilichokiacha.
Namba yake nikaiandika pambizoni, kwa penseli,
ndogo, kama mtu anayeiba.

Nilipiga simu kituoni. Mkokoteni wa baiskeli ukaja,
ukamchukua Moyna juu ya godoro, mguu ukining'inia.
Nafasi ilikuwepo ya wa pili.
Kohinur akakataa kupanda. Alinyoosha kidole juu,
upande wa kusini, kulikokuwa kunapiga weusi:
"Wote tukienda, nani atatega mitungi?"

Khulna, ghorofa ya tatu. Feni, kompyuta,
maji ya chupa, matamu hata yanaudhi.
Msimamizi wangu, Anisur, si mtu mbaya,
anapitia safu zangu. "Pambizo haziingizwi.
Swali la kumi na saba, jibu halisomeki,
weka tisini na tisa: hakujibu."
Nikaweka. Ndiyo kazi.
Mishahara hutoka tarehe tano.

Usiku ikanyesha.
Nilikuwa bado mezani, mji mzima mabati,
nikajikuta nahesabu: mtungi, mtungi,
sufuria isiyo na mkono, ndoo ya bluu yenye ufa
ambayo hujaa hadi kwenye ufa, basi.
Kituoni hawajapokea simu tangu saa kumi.

Nikarudi safu ya thelathini na moja.
Nikafuta tisini na tisa.
Mashine ikagoma: *jaza nafasi hii.*
Alijibu, nikaiambia, kwa sauti, peke yangu,
huku kijimstari cha mwandishi kikipepesa
na mifereji ya barabarani ikipeleka mtoni, bure,
maji baridi yasiyo na chumvi hata chembe.